Bustani Niliyoiona kwa Juu

Miezi kumi na minne niliitazama kwa juu,
kutoka kibanda cha kreni, mji mzima chini ya soli zangu:
kiraka cha kijani kati ya reli ya tramu na maegesho,
ziwa dogo kama jicho lisilopepesa,
watu kama punje za mtama, zikizunguka,
zikisimama, zikizunguka tena.
Nilidhani nimeshaijua yote.

Jengo likaisha. Kreni ikafunguliwa vipande vipande.
Nikabaki na Jumanne moja isiyo na kazi
na yen mia nne za tiketi.

Mlangoni kijana akanipa ramani. Nikaitia mfukoni.
Mimi, nisome ramani ya mahali
nilipopachungulia mwaka na ushei?

Hatua ishirini tu, nikapotea.

Njia haikutaka kunyooka. Ilinionyesha maji,
upana wa leso, ikayaficha nyuma ya kichaka,
kama mtu aliyeanza kutoa siri
akakumbuka kwamba hamjajuana.
Mawe ya kukanyagia nayo hayakulingana:
hili jembamba, hili limeinama, lile limejitenga,
nikawa natazama viatu vyangu
kama mtoto anayejifunza kutembea.
Mwenda pole hajikwai, wanasema.
Hapa hata yeye hujikwaa asipoinamisha kichwa.
Kisha likaja jiwe pana, la miguu miwili.
Mwili ukasimama wenyewe, shingo ikainuka:

ziwa lote.
Taa ya mawe yenye kofia ya kuvumwani,
korongo wa kijivu kwenye kina cha goti,
na upepo wa Novemba ukiyapiga maji pasi.

Aliyeyapanga mawe haya alikufa zamani
na bado ndiye anayeamua lini niinue macho.

Na nyuma ya misonobari,
jengo letu. Ghorofa ishirini na sita,
jeupe kama jino la bandia.

"Pale palikuwa na mlima," sauti ikasema karibu na magoti yangu.
Mwanamke wa miaka sabini na kitu, kachuchumaa,
anang'oa magugu kwenye kuvumwani
kwa koleo dogo la nyusi, jani moja, jani moja.
Kwenye beji: Kinue.
"Bustani iliuazima ule mlima.
Miaka mia mbili, hakuna aliyekuja kuudai."
Akapuliza udongo kwenye koleo.
"Basi umedaiwa."

Ningeweza kwenda zangu.
Nikasema: "Boriti zile nilizinyanyua mimi."
Akanitazama mikono kwanza, uso baadaye.
"Zote?"
"Zote, ila wiki niliyougua mafua."
Akacheka kidogo, kwa puani,
akanyoosha koleo kuelekea ukingoni:
mikafuri mitatu, michanga, kimo cha mkanda wangu,
imefungwa kamba kwenye fito za mianzi
kama majeruhi wanaofundishwa kusimama.
"Miaka arobaini," akasema, "hamtaonekana."

Nikapiga hesabu. Yeye atakuwa mia na ushei.
Mimi, nikijaliwa, nitakuwa nalishwa uji.
Macho hayana pazia, nilizoea kusikia;
hapa pazia wanalipanda
na wanalingoja likue.

Majini jengo lilisimama kichwa chini.
Samaki mwekundu mwenye madoa meupe
akaingia ghorofa ya kumi na mbili bila kupiga hodi,
akatokea ya tisa,
na hakuna kioo kilichovunjika.

Kwenye njia panda nilikuta jiwe la ukubwa wa ngumi
limefungwa kamba nyeusi, msalaba, kama kifurushi.
Maana yake: usipite.
Mimi hufunga barabara kwa koni, ving'ora,
na vijana wanne wenye bendera, na bado watu hupenya.
Hapa jiwe moja. Nikageuka.

Nilikorudi, Bi Kinue alikuwa na ndoo.
Hakuniuliza, alinipa tu.
Nikainama kwenye mkafuri wa kwanza, nikamimina
kama mtu anayelipa deni lote siku moja.

"Nusu," akasema. "Utauozesha."